Kabla ya "Lakini"

Chumba ninachofundishia Kifaransa kina mlango unaofunguka barabarani, hapa Kanyenye, Tabora, na ufunguo wake ninao mimi peke yangu. Naanza na ufunguo kwa sababu yote yaliyonipata yalinipata kwa ajili yake. Nilizaliwa katika nyumba ya baba, nikaolewa nikahamia nyumba ya mume, mume akafariki nikarudi nyumba ya baba, na katika mizunguko yote hiyo sikuwahi kufunga mlango ambao mtu mwingine hakuwa na haki ya kuufungua. Chumba hiki kilikuwa stoo ya mchele ya babu. Baba aliniambia nikikisafisha ni changu. Nikatoa magunia mabovu pamoja na panya wake, nikaweka mabenchi, ubao na birika la kahawa, nikawa mwalimu.

Kifaransa sikukisomea. Nilikiokota Bujumbura, kwenye duka la vitambaa la marehemu mume wangu, kutoka kwa wateja wanawake. Wanawake wale walikuwa na ujuzi ambao mimi, mtoto wa Tabora, sikuwa nimewahi kuuona. Walikuwa wanakataa kitambaa chako, wanakataa bei yako, wanakataa na kiti ulichowavutia, halafu wanaondoka ukiwa unawapenda kuliko walivyoingia. Miaka ya mwanzo niliwaonea wivu. Baadaye nikaanza kuwaiga.

Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara wa hapahapa wanaopeleka mchele, karanga na asali Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kongo. Sarufi hawana haja nayo. Wanataka kusalimia, kuhesabu, kulalamika mpakani, na kukataa. Somo la kukataa ndilo wanaloliona gumu kuliko yote, na wana haki. Mtu wa Tabora akiwa kwao akialikwa mahali asikotaka kwenda husema "Inshallah", na kila mtu anajua haji. Akisema "tutaona", ndiyo kabisa, usimpikie. Sasa mchukue huyo mtu umpeleke Bujumbura, mteja wake amkaribishe bia na mishikaki ya nyama asiyoijua, naye ajibu inshallah. Mmoja wa wanafunzi wangu wa mwanzo alifanya hivyo. Mwenyeji akachinja, akaalika na majirani, wakakaa kumngoja. Biashara yao ikafa palepale mezani.

Kwa hiyo niliwafundisha kukataa kama nilivyowaona wale wanawake wa vitambaa wakikataa. Kwanza unashukuru: *c'est très gentil à vous*, ni wema wako mkubwa. Unamsifu kidogo mwenye mwaliko. Halafu ndipo inakuja *mais*, yaani lakini, na baada yake siwezi, na sababu, na sababu yenyewe si lazima iwe na nyama, unaweza kusema una dharura, basi. Unamalizia kwa kumwachia mwenzako tumaini: labda siku nyingine. Na yule aliyekataliwa naye ana jibu lake, maana hata kukataliwa kuna adabu: *ce n'est pas grave, une autre fois, peut-être*. Si neno, labda siku nyingine.

"Msisahau," nilikuwa nikiwaambia, nikigonga ubao. "Mpaka ufike kwenye lakini, hujakataa. Umeshukuru tu."

Walikuwa wanacheka. Mama mmoja wa Ntalikwa, mkulima na mfanyabiashara wa karanga, Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya, aliniambia somo hilo lingemfaa zaidi kanisani kuliko Burundi, kwa sababu kila kamati inayoundwa anajikuta yumo. Mwanafunzi mwingine, mfanyabiashara wa asali, mtu mzima aliyefiwa na mke, kofia safi, sauti ya chini, alikuwa hasemi mengi. Alikuwa anarudia maneno yangu kwa midomo tu, kama mtu anayesoma dua. Ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika kukataa. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Ukoo wetu wenyewe uko Tabora kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kukataa. Babu wa babu yangu, asili yake Omani, alikuja na msafara kutoka pwani akielekea Ujiji. Alipofika hapa masika yalikuwa yameanza, mwenyeji wake akamwambia apumzike kwanza mpaka mvua ikatike. Akashukuru. Mvua ikakatika, akaambiwa asubiri mavuno. Akashukuru tena. Baada ya mavuno akapewa mke. Ami, kaka mkubwa wa baba, husimulia kisa hiki kila Idi, na kila mara sauti humlegea anapofika kwenye ukarimu wa watu wa zamani. Mimi tangu niliporudi kutoka Bujumbura nakisikia kama kisa cha mtu aliyenaswa. Vizazi vyote hivi, na Ujiji hatujafika.

Siku waliyoniita sebuleni ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Ami alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, baba pembeni yake na bakora yake kati ya magoti, shangazi karibu na mlango, na chetezo cha udi kilikuwa kinafuka moshi ingawa hatukuwa na mgeni. Udi ule ungenitosha kuelewa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka darasani na chaki vidoleni, nikadhani labda kuna mgonjwa.

"Mwanangu," ami akasema, "kuna mtu amekuja kwetu kwa njia njema."

Akamtaja. Alikuwa mfanyabiashara wa asali.

Hakuwa amenionyesha ishara yoyote, na sasa nikielewa tabia yake najua kwamba huko kutoonyesha ndiko kulikuwa ishara yenyewe. Ami akaendelea kumsifu: dini yake, nyumba yake Itetemia yenye uwanja na mti wa mlimau, watoto wake wakubwa wanaojitegemea. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na hapo ndipo pabaya pa kwanza. Angekuwa mlevi ningepata pa kushika. Angekuwa bahili, mkorofi, mwenye wake wengine wawili, ningesema. Nilikuwa na sababu moja tu, kwamba nina chumba na ufunguo na sitaki kuurudisha, na ile haikuwa sababu ambayo mtu angeweza kuileta sebuleni kwa ami na kuiweka kwenye zulia.

"Msichana ambaye hajaolewa," ami akasema, "akinyamaza tunaelewa kwamba amekubali. Wewe ulishaolewa, dini inataka utamke mwenyewe kwa kinywa chako. Haya, tamka."

Ni haki kubwa tuliyopewa sisi wajane, haki ya kutamka, na mimi niliishika kwa mikono miwili. Nilijiambia: hapa ndipo pa kuonyesha ulichojifunza. Hutamvunjia ami heshima. Hutamuumiza baba, ambaye tangu mama afe hakuwa na furaha ya kuonekana. Utakataa kwa uzuri, hatua kwa hatua, kama wale wanawake.

"Ami," nikasema, "nashukuru sana. Mmenipa heshima ambayo sikuitegemea katika umri wangu huu. Na huyo bwana ni mtu mwema, sina hata neno baya juu yake."

Nikavuta pumzi ili nipande kwenye lakini.

"Alhamdulillah!" akasema ami, akanyoosha viganja.

Baba akanyoosha viganja. Shangazi akanyoosha vyake. Ami akaanza Fatiha.

Mtu anaweza kuniuliza swali la kijinga, ambalo mimi mwenyewe nimejiuliza mara nyingi: kwa nini hukusema? Nimkatize ami katikati ya Fatiha? Nimnyooshee kidole mzee anayesoma Qurani nimwambie subiri, bado sijafika kwenye lakini? Bujumbura mtu akikuanzia na shukrani ndefu namna ile unajua kuna jambo linakuja, unaketi vizuri unalisubiri. Kwetu shukrani ndiyo kituo. Ukishashukuru umefika, watu wanashusha mizigo. Nilichukua njia ya watu wengine nikaipita katika nchi yangu mwenyewe, na nilipofika katikati nikakuta daraja limeondolewa.

Ami alipomaliza na kupangusa uso, nilimtazama baba. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sasa nikifa sitakuwa na hofu," akasema. Shangazi akapiga kigelegele kimoja, majirani wakajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, na halua ikaletwa, kumbe ilikuwa imeshanunuliwa. Nikapewa kipande. Nikakila.

Jioni ileile nilimfuata shangazi jikoni. Nilikuwa nimeapa kutopanda ngazi yoyote safari hii. "Shangazi, mimi sikusema nimekubali. Sitaki kuolewa."

Shangazi alikuwa anachekecha unga. Akacheka mpaka mikono ikamtetemeka. "Mwanangu, maneno hayo tumeyasema wote. Mimi nililia siku saba, ami yako alikuja kunibembeleza kama mtoto. Na nilimpenda mume wangu, Mungu amrehemu."

"Mimi silii, shangazi. Nasema sitaki."

"Ndiyo haya yenyewe," akasema, na uso wake ulijaa upendo ambao ningeweza kuupiga teke. "Mkataa pema pabaya panamwita. Chukua chekecheo, nisaidie."

Nikachukua chekecheo.

Baada ya hapo kila siku ilikuja na kitu cha kunifunga zaidi. Ndoa ilipangwa baada ya Ramadhani. Wanawake wa mtaa wakaanza kuniita bibi harusi, mimi mwenye mvi mbili tatu ninazozificha chini ya mtandio. Mtu akiniuliza hali, naye amenishika mikono yote miwili na macho yanamng'aa, nimjibu nini? Nilisema nashukuru. Kila nashukuru niliyoisema ilikuwa tofali, nami ndiye niliyekuwa ninajijengea ukuta. Nilifika mahali nikawa nazunguka kwa njia ya nyuma ya soko ili nisipongezwe. Nilikasirika na kila mtu, na hakuna aliyenikosea, na hilo likanikasirisha zaidi.

Siku moja ami alikuja darasani kwangu. Alisimama akitazama ukuta mpaka ukuta, akapima kwa macho. "Mchele na sukari ya harusi tutaweka humu," akasema. "Halafu baadaye baba yako atakipangisha, kuna kijana wa simu anataka. Utanipa ufunguo lini?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika.

"Inshallah, ami," nikasema.

Alitabasamu akaondoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake nadhani alilipokea lile neno kama lilivyoandikwa, siyo kama tunavyolitumia.

Mfanyabiashara wa asali hakuacha masomo. Alikuja kwa heshima zote, akikaa benchi la mwisho, mlango ukiwa wazi, na mama wa karanga akiwepo kila mara. Hakunitazama kwa namna yoyote mpya. Nyumbani alituma madumu ya asali ya miombo, ile nyeusi yenye uchungu kidogo mwishoni, na shangazi akaisambaza kwa ndugu mpaka nusu ya Kanyenye ikawa imelamba uchumba wangu.

Somo la mwisho kabla hajasafiri kwenda Uvira, Kongo, tulirudia kukataa. Yeye ndiye aliyeomba. Alisema kule kuna mteja anayemwalika kila safari na bado ulimi unamkwama. Mama wa karanga alikuwa ametoka mlangoni kuzungumza kwenye simu, akimfokea mtu huko Ntalikwa kuhusu karanga zilizoanikwa na mawingu yaliyotanda, na sauti yake ilikuwa imejaa barabara nzima.

"Leo nikualike mimi, mwalimu, wewe ukatae," akasema. "Nataka nifanye ile sehemu ya anayekataliwa. Hiyo hatujaifanya vizuri."

"Haya," nikasema. "Alika."

Akakaa sawa, akashika kofia yake juu ya goti. "*Je vous invite chez moi*," akasema, neno moja moja. Nakualika nyumbani kwangu.

Lilikuwa zoezi la ubaoni, sentensi ileile niliyowafundisha mimi. Hakukuwa na ujanja wowote usoni mwake. Nadhani kama ningeuona ujanja ningejibu kama mwalimu.

"*C'est très gentil à vous*," nikasema. Ni wema wako mkubwa. "*Vous êtes un homme bon*." Wewe ni mtu mwema. Nikanyamaza kidogo, mahali palepale niliponyamaza sebuleni. Hakuna aliyesema Alhamdulillah. Hakuna aliyenyoosha mikono. Mama wa karanga alikuwa anasema kwenye simu zifunikwe na turubai, si na mikeka. "*Mais*," nikasema. "*Mais je ne peux pas. Je veux rester ici*." Lakini siwezi. Nataka kubaki hapa.

Uso wake ukang'aa. Alikuwa ameliandaa jibu. "*Ce n'est pas grave, madame. Une autre fois, peut-être*." Akalisema lote bila kukwama, kisha akacheka kwa furaha ya mtu mzima aliyeshinda kitu cha watoto. "Nimepata, mwalimu?"

"Umepata," nikasema. Nikageukia ubao nikaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Nilijiambia basi, yamekwisha, nimesema kwa lugha ninayoiweza na nimepewa jibu lake sahihi.

Nyuma yangu akasema, taratibu, "Ila sababu uliyotoa haimo ubaoni. Tuliandika 'nina dharura'. Wewe umesema unataka kubaki hapa."

Niliendelea kufuta.

"Na mtu akiwa anamaanisha kweli, mwalimu," akauliza, "husemaje?"

"Husema hivyohivyo," nikasema.

Nilipogeuka alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa akiizungusha kofia kwa vidole. "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na Fatiha?"

"Nilikuwa sijafika kwenye lakini."

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kifuani kisicho na sauti, halafu kikaisha akabaki amejifunika tu. "Umetufundisha wewe mwenyewe," akasema ndani ya viganja. Alipovishusha alionekana amezeeka kidogo. Akaniuliza kama nimewaambia kwetu. Nikamwambia nimemwambia shangazi, shangazi akanipa chekecheo. Alitikisa kichwa. Hakuniuliza yeye ana kasoro gani, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, shukrani ya kweli, isiyo na kitu nyuma yake.

"Niachie mimi," akasema. Akavaa kofia, akamuaga mama wa karanga mlangoni kwa adabu zote, akaenda zake.

Alirudi kutoka Uvira na Ijumaa iliyofuata akaja nyumbani peke yake, bila kaka yake wala mshenga, jambo ambalo lilimshangaza ami tangu mlangoni. Mimi nilikuwa ukumbini, nyuma ya pazia la sebule, nikichungulia kwa upenyo. Nilisikia shikamoo zake, marahaba zao, nikasikia vikombe. Ami akamwita mkwe. Akaanza kumwelezea habari za mchele na mahali pa kuuweka, na alipotaja chumba changu nikabana pazia kwa ngumi. Nilikuwa na hofu moja tu. Namjua mtu yule. Ni mpole kuliko mimi. Nilijua ataanza kwa kushukuru, nikaviona akilini viganja vya ami vikianza kupanda.

Kahawa ilipomfikia hakuipokea.

"Lakini," akasema, kabla hajashukuru chochote, "mimi sitaoa. Nimerudi nyuma. Binti yenu hana kosa, kosa ni langu mwenyewe."

Halafu ndipo akashukuru. Alishukuru kwa kirefu, akataja heshima waliyompa, akataja wema wa nyumba yetu, akaomba radhi, akamwachia Mungu mengine. Hatua zote alizipita, ila alizipita kutoka juu kuja chini, na kila mtu alikuwa ameshasikia.

Ami alimfukuza. Sijawahi kumsikia ami akipaza sauti namna ile; alimwambia amechezea Fatiha, amechezea mjane, asikanyage tena baraza hii. Mtu yule alivaa viatu vyake mlangoni bila kujibu. Siku hizi anasali msikiti mwingine, mbali na kwetu, na ami akikutana naye sokoni hugeuza uso. Darasani hakurudi. Nasikia anaendelea vizuri huko ng'ambo ya ziwa.

Na mimi? Mimi nilisema hapana mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa Kifaransa, tena hapana ya sebuleni haikupata hata nafasi ya kutoka mdomoni. Yeye alisema mara moja tu, akasikika. Nimelifikiria hilo kwa hasira, na sijui nimkasirikie nani, maana yeye ndiye pekee aliyenisikia.

Ufunguo ninao. Lakini nilisahau kwamba mlango unaofunguka barabarani, barabara nayo inaweza kuingia. Walianza kuja siku ya pili yake. Wanawake wa mtaa wakiwa na sahani zilizofunikwa kwa vitambaa, pole, pole sana, Mungu ndiye mpangaji, wanaume hawana maana. Waliniketisha kwenye benchi langu mwenyewe wakanishika mikono. Nilikuwa mjane aliyeachwa kabla ya kuolewa, na kwa msiba huo Tabora ina vyakula vya kutosha. Mama wa karanga aliniletea mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwao, akasema kwaya nzima inaniombea na kwamba yule bwana tangu mwanzo alimwona ana macho ya kuhama. Nilitaka kumtetea. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi anavyonitazama, kwa huruma iliyoiva, tayari kusikia kwamba bado nampenda.

Nikasema nashukuru.

Baba alikaa kibarazani, na watu waliopita walimpa pole naye akaipokea kwa kichwa. Kile alichosema siku ya Fatiha, kwamba akifa hatakuwa na hofu, hakukirudia tena.

Shangazi alikuja mwisho, baada ya wote kuondoka, na sahani ya vitumbua. Akaketi benchi la mbele kama mwanafunzi. Alikuwa amevimba macho. Nilijua nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha, nikaenda nikafunga mlango, nikasimama mbele yake.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemkataa," nikasema. Sikushukuru kwanza. Sikumsifu mtu. "Sikutaka kuolewa. Nilimwambia hapahapa, kwa kinywa changu, nikiwa nimesimama hapa niliposimama. Yeye aliutaka huo uchumba. Amenibebea aibu yangu tu."

Shangazi akainuka, akanishika uso kwa viganja vyake vyote viwili vyenye harufu ya iliki, na machozi yakamtoka.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Sema hivyohivyo, ikusitiri. Usione haya. Na mimi kila atakayeniuliza nitamwambia hivyohivyo, kwamba wewe ndiye uliyemkataa."

Akanisogezea sahani. "Kula kidogo."

Nilikuwa nimeshiba tangu asubuhi, sahani za watu zilikuwa zimejaa meza nzima nyuma yangu. Nikamshukuru, nikala.